Hadithi Kumi na Nne za Mama

Kila siku saa kumi jioni, Awuor alivua sare ya shule, akapasha uji, kisha akaweka kipakatalishi juu ya meza ya sebuleni. Kabla hajakifungua, ndugu yake Calvince, mwenye umri wa miaka mitano, alikuwa amekwisha kupanda kiti cha Mama na kuning'iniza miguu.

"Weka ya Sungura," alisema, kama alivyosema jana na juzi.

Awuor alibonyeza, na sauti ya Mama ikaijaza nyumba yao ndogo ya Kaloleni. Mama alikuwa amerekodi hadithi kumi na nne wakati wa ugonjwa wake, akipumzika kila baada ya sentensi chache, ili Calvince asije akaisahau sauti yake. Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu azikwe kule kijijini Katito.

Jumanne hiyo, hadithi ilipofika katikati, skrini ilizimika ghafla.

"Mama amelala?" Calvince aliuliza.

"Ni mashine tu," Awuor alijibu. Lakini alipogusa upande wa chini wa kompyuta, aliondoa mkono haraka. Ilikuwa na joto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Alikumbuka Jumamosi iliyopita. Baba, ambaye ni mwashi, alikuwa bado kazini, na stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Rafiki yake Shantel alikuja, akasema, "Humu ndani ni kama tanuri! Tutazamie filamu nje." Baba alikuwa amekataza kabisa kompyuta kutoka sebuleni. Awuor aliitoa hata hivyo, akaiweka barazani. Giza lilikuwa linaanza kuingia, na skrini ile ndiyo iliyokuwa taa pekee. Basi usubi wa ziwani, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kufuata mwanga, ukaivamia. Wasichana waliupunga kwa leso wakicheka.

"Ukifungua mdomo, umepata kitoweo!" Shantel alisema.

Filamu ilipokwisha, Awuor alipangusa skrini na kuirudisha kompyuta mezani. Hakumwambia mtu.

Siku iliyofuata Baba alimchukua Awuor na kompyuta, wakaenda kwa Fundi Nabwire, mwanamke mcheshi mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye.

"Baba Awuor, karibu. Mgonjwa wetu ana nini?"

"Anazirai, Fundi. Dakika kumi tu, anazimika."

Fundi alimgeukia Awuor. "Wewe ndiye nesi wake, sivyo? Niambie. Ameanguka? Amemwagikiwa na chai? Ametolewa nje?"

Awuor alitazama viatu vyake. "La, Madam. Haijatoka mezani."

"Vizuri. Maana mwezi wa Januari mimi mwenyewe niliifungua nikaisafisha. Kama haijatoka nje, basi si uchafu. Nitatafuta kwingine."

Na kweli, alitafuta kwingine. Aliondoa virusi, akabadilisha memori, akairudisha baada ya siku mbili. Kompyuta ilifanya kazi kwa robo saa, ikazimika. Kesho yake ikazimika tena. Kila jioni Calvince alilia apewe hadithi yake, na kila jioni Awuor aliiwasha, akiomba moyoni ipone yenyewe. Aliona ni afadhali mashine ife kuliko Baba ajue kuwa alimdanganya.

Alhamisi ya wiki ya pili, kompyuta haikuwaka. Kitu fulani ndani yake kiligonga: tik, tik, tik.

Calvince aliweka sikio juu yake. Uso wake ukang'aa.

"Awuor! Mama anabisha! Mfungulie!"

Awuor alishindwa kujizuia. Alikaa sakafuni akalia kwa kwikwi, na Baba aliporudi, buti zikiwa bado na saruji, alimkuta papo hapo.

"Baba, nilidanganya. Niliitoa nje. Ikaingiwa na usubi."

Baba hakupaza sauti. Alivua buti, akakitazama kile kiti cha Mama. Awuor angependelea achapwe.

Asubuhi ya Jumamosi walirudi Kibuye. Safari hii Awuor alisimulia yote mwenyewe, tangu stima ilipopotea. Fundi Nabwire alifungua skrubu, akainua kifuniko, kisha akachomoa kwa kibanio kitu cha kijivu, kinene kama kipande cha blanketi kuukuu. Walikuwa wadudu waliokufa, wameshikamana na kuziba feni.

"Haikuweza kupumua," alisema polepole. "Kila ilipopata joto ilijizima isiungue. Lakini joto lile, na kuzimika ghafla kila siku, vimeharibu diski. Mwanangu, ungeniambia siku ile ya kwanza, ningesafisha feni hii kwa nusu saa, mkaenda nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Alisafisha feni na kuweka diski mpya. Kompyuta haikuzimika tena. Lakini kutoka kwenye diski ya zamani aliweza kuokoa hadithi tatu tu, na ile ya Sungura ilikuwa imekatika.

Jioni hiyo Calvince alipanda kwenye kiti cha Mama. Sauti ya Mama ilisikika, dhaifu na tamu: "Sungura alipofika katikati ya ziwa, akiwa mgongoni mwa Kiboko, aligeuka nyuma akaona..." Kisha kimya.

Calvince alisubiri. Awuor akajaribu kummalizia. "Akaona... akaona mamba wengi."

"Mama hasemi hivyo!"

Awuor aliinamisha kichwa. Hakuwahi kuisikiliza hadithi ile hadi mwisho. Aliiwasha tu, akaenda kucheza.

Calvince alifumba macho na kuanza kusema, akipumzika palepale Mama alipokuwa akipumzika: "Akaona... mama yake amesimama ufukweni. Anampungia mkono. Sungura akamwambia Kiboko, nenda polepole... bado ananiona."

Baba alipangusa macho kwa kiganja, akachukua daftari la Awuor na kumpa kalamu.

"Andika," alisema. "Yote anayoyakumbuka. Na mimi pia nina kosa. Kila wiki nilisema kesho nitanunua flashi ninakili hadithi hizi. Lakini wewe, nyathina, mwanangu, sikia. Kuitoa nje lilikuwa kosa la mtoto, na ningelisamehe siku hiyohiyo. Uongo ndio uliotuchukulia hadithi za mama yenu. Ukikosea, sema mapema, wakati kitu bado kinaweza kutengenezwa."

"Ndiyo, Baba," Awuor alinong'ona. Alifungua ukurasa mpya, akasogea karibu na kile kiti.

"Rudia, Calvince," alisema. "Polepole. Nakusikiliza."