Gari la Kumpeleka Shallon Hospitalini

Olupot na mkewe Aidah wanaishi Kwapa, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya. Olupot ana duka la vipuri vya baiskeli mjini Malaba. Aidah hulima vitunguu na kuviuza katika soko la Busia. Wana mtoto mmoja, Shallon, mwenye umri wa miaka tisa.

Shallon ana ugonjwa wa selimundu. Chembe za damu yake hujikunja kama mundu na kuziba njia ndogo za damu. Siku nyingi yeye huenda shuleni, hucheza na hugombana na wenzake kama mtoto yeyote. Lakini kuna siku maumivu humshika mifupani bila kutoa taarifa. Homa ikipanda, ni lazima afikishwe hospitali ya Tororo upesi. Pikipiki humrusharusha, na baridi ya njiani huzidisha maumivu yake. Kwa sababu hiyo wazazi wake waliamua kununua gari.

Walionyeshwa magari mawili yaliyokwisha kutumika. Yote mawili yalikuwa krosova, yaani gari la familia lililoinuka kidogo ili lipite barabara mbovu. Moja lilitumia petroli. Jingine lilitumia umeme wa betri.

"Hilo la umeme ni kama simu," Olupot alisema. "Stima ikikatika, umebaki na pambo la uani."

"Na la petroli?" Aidah aliuliza.

"La petroli ni gari. Unamimina, unakwenda."

Edwin, mwenye gari la petroli, aliwaruhusu kulijaribu kwa juma moja kabla ya kununua.

Olupot alikuwa na desturi ya watu wengi wa mpakani. Hakujaza tangi. Alisikiliza kwanza bei imeshuka upande gani, Uganda au Kenya, kisha alingoja mpaka avuke. Katika kungoja huko alitia petroli ya chupa, ya kumfikisha dukani tu.

Jumapili, baada ya ibada, Shallon alikataa chakula. Alijikunja kitandani, ameshika miguu. Aidah alimpa maji na dawa yake, akamfunika blanketi, akampima joto. Homa ilikuwa imepanda.

"Baba Shallon, washa gari!"

Olupot aliwasha. Taa ya mafuta iliwaka.

"Tangi limekauka," alisema. "Nilikuwa nangoja kesho. Ng'ambo wameshusha bei."

"Na mtoto naye angoje kesho?"

Olupot alikimbia barabarani akanunua chupa mbili. Waliondoka. Kabla ya kufika kwenye lami, injini ilianza kukohoa. Gari lilitetemeka, likazima. Petroli ile ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Olupot aliwasha tena na tena. Shallon alilia kila gari lilipotikisika, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake kulimtisha mama yake kuliko kilio.

Aidah alimpigia simu binamu yake, Cate, Mkenya anayefundisha udereva mjini Malaba. Cate alikuja na gari la shule yake, akawapeleka.

"Mmechelewa," daktari alisema. "Mwenye selimundu akipata homa, msingoje hata kidogo."

Shallon alilazwa siku kadhaa. Aliporudi nyumbani, Cate alikuja kumwona. Aidah alikuwa bado na hasira.

"Petroli sitaki hata kuisikia," alisema. "Tununue la umeme, basi."

"Dada, wewe unamfukuza ng'ombe kwa kosa la mchungaji," Cate alimjibu.

"Sasa mchungaji ni mimi?" Olupot aliuliza.

"Ni wewe, shemeji. Ungekuwa na gari la umeme, ungeliacha liishe kabisa ukingoja wapunguze bei ya stima."

Aidah alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Olupot alitazama viatu vyake.

"Kwanza, niambieni safari zenu," Cate aliendelea.

"Malaba kila siku. Busia siku za soko. Tororo kwa Shallon," Aidah alijibu.

"Hizo ni fupi. Gari la umeme likijaa vizuri linazimudu zote. Na mkikwama nyuma ya foleni ya malori pale mpakani, halichomi petroli likiwa limesimama. Haya, stima yenu inatoka wapi?"

Aidah alimwonyesha waya mwembamba uliotoka katika kinu cha kusagia cha jirani, ukapita juu ya mgomba, ukaingia dirishani.

Cate alitikisa kichwa. "Huo ni wa taa na redio. Gari hunywa umeme mwingi kwa saa nyingi. Waya huo utapata moto, na nyumba itaufuata."

"Kwa hiyo la umeme halitufai," Olupot alisema haraka.

"Sikusema hivyo. Mkishindwa kupata laini yenu wenyewe, nunueni la petroli bila aibu. Lakini mjaze kituoni, si kwa chupa, na tangi lisishuke chini ya nusu. Mkiipata laini, nunueni la umeme, maana kituo cha mafuta kiko mbali nanyi. Hilo nalo lisishuke chini ya nusu. Lichomeke kila jioni, kama unavyofungia kuku. Hungoji mwewe aje ndipo ufunge."

"Na stima ikikatika?" Olupot aliuliza.

"Itakatika. Hiyo nusu ndiyo akiba yako." Cate alimgeukia. "Swali la mwisho. Shallon akiugua nawe uko Malaba, nani ataendesha?"

Olupot alimtazama mkewe, ambaye hakuwahi kushika usukani.

Waliomba laini yao. Fundi mwenye leseni alifunga waya mnene wa gari peke yake, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na swichi inayokata umeme yenyewe hatari ikitokea. Kabla ya kulipa, waliipimisha betri ya lile gari, kwa sababu betri iliyochoka hufupisha safari. Ilikuwa nzima. Gari la Edwin walikuwa wamekwisha kulirudisha likiwa limesafishwa tangi, basi wakanunua la umeme.

Cate alimfundisha Aidah kuendesha. Siku ya kwanza Aidah aliingia katika tuta la vitunguu.

"Umeanza kuvuna mapema, Mama Shallon!" Olupot alimtania.

"Wewe cheka. Vitunguu ni vyangu."

Baada ya mafunzo alifanya mtihani, akapata leseni.

Mwezi uliofuata umeme ulikatika Kwapa tangu Jumatatu. Jumatano asubuhi Olupot alitaka kwenda Busia kuchukua bidhaa. Aliingia garini akatazama kipimo. Betri ilikuwa imebaki juu kidogo ya nusu. Alitoka, akamkabidhi Aidah ufunguo, akaita bodaboda.

"Mzee, una gari na unapanda boda?" mwendeshaji alimcheka. "Limekufa tayari?"

"Halijafa. Lina kazi."

"Kazi gani, na limelala hapo?"

"Endesha, bwana."

Alikuwa bado Busia, akipanga minyororo ya baiskeli katika gunia, simu ilipolia.

"Shallon alipata homa ulipoondoka tu," Aidah alisema. "Usipige kelele. Tuko Tororo. Ameshawekewa dripu."

"Nani amewapeleka huko?"

"Nani tena? Mimi."

Sauti ya Shallon ilisikika kwa mbali: "Baba, Mama anaendesha polepole! Bata walitupita!"

"Daktari anasemaje?" Olupot aliuliza.

"Anasema tumewahi."

Olupot aliliacha gunia dukani mwa watu, akaenda Tororo.

Siku iliyofuata daktari alimruhusu Shallon kurudi nyumbani. Olupot alimbeba mpaka kwenye gari. Aidah alimnyooshea ufunguo. Olupot aliutazama, akafungua mlango wa nyuma, akaketi na binti yake.