Mifupa Juu ya Msonobari

Bata bukini kumi na wanane wa akiba ya kijiji walikuwa wametoweka ghalani, na mlango haukuwa umevunjwa, kwa sababu haukuwahi kuwa na kufuli.

Sajenti Clara Neeposh alichuchumaa kwenye theluji akichunguza nyayo. Huu ulikuwa msimu wa pili wa baridi tangu umeme uzimike kote kusini na ndege za mizigo ziache kuja. Hakuna aliyemlipa mshahara tena, lakini beji aliivaa kila asubuhi, kwa ukaidi tu.

Nyayo zilikuwa za viatu vya mjini. Katika kijiji kizima aliyevaa viatu hivyo alikuwa Martin peke yake, fundi umeme aliyefika kwa miguu kutoka kusini wakampokea. Baraza lingekaa saa sita mchana. Likimtia hatiani, angefukuzwa avuke ghuba iliyoganda peke yake, na kila mtu alijua asingefika popote.

"Nilizoa theluji pale Jumatatu," Martin alimwambia.

"Nani alikuona?"

"Sajenti, hapa kila mtu ananiona. Hata nikienda chooni."

Clara nusura acheke. Aliupekua upya mkeka wa Martin, jiko lake, jivu lake. Hakupata hata unyoya.

Alipotoka nje aliwatazama mbwa wa kijiji. Walikuwa wamekonda vilevile, hawagombanii chochote. Jambo hilo lilimkaa kichwani. Bukini kumi na wanane wana mifupa mingi, na Martin ni yule yule aliyewatupia mbwa mifupa ya bukini mwezi uliopita, mabibi wa kijiji kizima wakamsema hadi akaona haya. Aliyewala hawa hakuwatupia mbwa mifupa. Basi ameiweka wapi?

Clara alijua pa kutazama, maana ndipo mama yake alipoitundika miaka yote, kwa heshima ya bukini. Alifuata ufuo hadi kwenye misonobari. Mti wa tatu ulikuwa na furushi lililofungwa juu ya tawi, mbwa wasifike. Ndani kulikuwa na mifupa iliyosafishwa vizuri, na kitambaa kilikuwa cha buluu chenye maua meupe. Kilikuwa kipande cha gauni alilolijua. Alilifunga tena furushi, akarudi nalo kijijini.

Mjomba wake Emmett, mtunza ghala, alikuwa akipasua kuni. Clara alikiweka kitambaa mbele yake.

"Gauni la mkeo," alisema.

"Ndiyo. Marehemu asingekasirika."

"Ungewapa mbwa mifupa, mjomba, nisingekupata."

"Na bukini wakirudi masika waone tulivyowadharau?" Mzee alitikisa kichwa. "Kuiba niliweza. Hilo sikuweza."

"Umemwachia Martin mzigo wako."

"Nilikuwa naisubiri saa sita niseme mwenyewe. Nilitaka wale asubuhi moja zaidi."

"Kina nani?"

Emmett aliweka shoka chini. "Yule mama na watoto wake wawili. Wako kwenye kibanda changu cha mawindo, mlangoni mwa mto. Mifupa huwa narudi nayo."

Clara aliwakumbuka. Walifika Novemba, baraza likapiga kura, likawarudisha walikotoka, kwa kuwa chakula hakikutosha.

"Mkono wako niliuona juu siku ile, mwanangu," mzee alisema. "Wangu ulikuwa pembeni yake. Tangu hapo sijalala vizuri."

Clara aliona aibu, tena kubwa.

"Wako hai?"

"Juzi walikuwa hai. Bukini wameisha."

Saa sita, mbele ya baraza, Emmett alisimama akaeleza yote bila kujitetea. Wengine walinung'unika, wengine wakaangalia sakafu. Clara alilifungua furushi mezani, kisha akaomba ile kura ya Novemba ipigwe upya, akainua mkono wake, safari hii wapokelewe.

Wa pili kuinua alikuwa Martin, ambaye hakuwa na kura. Hakuna aliyemwambia aushushe.