Nilihesabu Siku za Wifi Yangu

Nina miaka hamsini na mbili. Nina mume, nina watoto watatu, na kila Jumapili naimba kwaya kanisani. Ukiniona utasema huyu ni mama mtulivu... Hujui. Kuna nyumba niliivunja kwa mdomo wangu, nikidhani ninajua hesabu ya siku za mwanamke, kumbe sijui lolote.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina kazi, naishi Shelui nyumbani kwa kaka yangu Samweli. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Watu binafsi walikuwa wananunua malori, mitumba imejaa kila mnada, na usiku na mchana magari ya Rwanda na Burundi yanapita. Kaka alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Singida mjini. Aliondoka akakaa wiki tatu, wakati mwingine mwezi, akarudi kulala siku mbili tatu, akaondoka tena.

Mkewe aliitwa Rahel, Mgogo wa Kintinku. Sisi ni Wanyiramba wa Kinyangiri. Mama yangu hakumkataa, ila alipokuja kututembelea alikuwa akisema Kinyiramba mbele yake makusudi ili asielewe. Rahel hakulalamika. Alikaa kimya akajifunza, na siku moja akamjibu mama kwa Kinyiramba safi, tukacheka wote mpaka machozi. Ndivyo alivyokuwa wifi yangu.

Walikuwa wameoana miaka minne bila mtoto. Hilo lilimuuma sana. Kila mwezi alipoona siku zake, alikuwa anaingia chumbani anafunga mlango, na mimi najua analia.

Sasa niseme jambo ambalo nililificha muda mrefu. Kaka alileta cherehani kutoka safari. Mimi nilikuwa nimeiomba kwa mwaka mzima. Alipoishusha kwenye gari nilijua ni yangu... akampa Rahel. Rahel aliniita siku hiyohiyo, akasema njoo wifi nikufundishe, tutashona wote. Nilikataa. Sikutaka kufundishwa, nilitaka iwe yangu. Tangu siku hiyo kuna kitu kiliingia moyoni mwangu, na sikukitoa.

Mwaka huo mvua zilipoanza, kaka alirudi nyumbani akakaa siku tatu. Rahel alikuwa ametoka kwenye siku zake kama wiki moja kabla. Kaka akaondoka. Baada ya karibu wiki mbili, nikaona Rahel amefua vitambaa vyake na kuvianika. Akaniambia kwa unyonge, “Mwezi huu pia, wifi.” Nikampa pole. Damu yenyewe ilikuwa kidogo, siku mbili tu, akafurahi kwamba safari hii tumbo halikumsumbua. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Safari ile ya kaka ikawa ndefu. Gari liliharibika ng'ambo ya mpaka, wakasubiri kipuri. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu...

Rahel akaanza kuumwa. Asubuhi hawezi kusimama karibu na mafuta yanayokaangwa. Mate yanamjaa mdomoni. Anasinzia mchana akiwa ameketi kwenye cherehani. Matiti yalikuwa yanamuuma hata kanga ikimgusa, na kila mara anatoka kwenda haja ndogo. Alisema ni malaria, akanunua klorokwini dukani akameza. Haikusaidia. Kisha nikamkuta anakula udongo wa kichuguu, anajificha nyuma ya nyumba kama mtoto.

Nikajua. Wifi ana mimba! Lakini nilipotulia, nikaanza kuhesabu. Kaka ameondoka lini? Damu alipata lini? Kama damu ilikuja baada ya kaka kuondoka, basi mimba hii si ya kaka. Niliona hesabu imekaa sawasawa. Na tena nikakumbuka kuna fundi, kijana mmoja aitwaye Idi, aliyekuja mara mbili kutengeneza cherehani. Alikaa barazani, akanywa chai, akaenda zake. Mimi mwenyewe nilikuwepo! Lakini mtu akishataka kuona ubaya, hata chai inakuwa ushahidi.

Siku iliyofuata nilimuuliza waziwazi. Alikuwa anachambua mchicha. Mikono yake ikasimama. Alikuwa amekwisha kujishuku mwenyewe, nikaona furaha na hofu vimechanganyika usoni.

“Wifi,” akasema, “siku zangu nilizipata kaka yako alipoondoka. Wewe uliona. Sasa hii mimba imeingiaje?”

Mtu mwenye hatia angesema hivyo? Leo najua kwamba yale yalikuwa maneno ya mtu asiye na la kuficha. Aliniuliza mimi kwa sababu alinichukulia kama dada. Aliniomba niende naye zahanati. Nikamwambia tusubiri kwanza.

Kaka alirudi alasiri moja. Nilisikia kutoka kwa watu kwamba gari lake limefika, nikaenda kumpokea kule malori yanaposimama, kabla hajafika nyumbani. Alinifurahia. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, mkononi ameshika kitenge alichomletea mkewe. Nikamvuta pembeni ya gari nikamweleza. Nikamwambia kuhusu damu. Nikamwambia kuhusu Idi. Na mwisho nikamwambia kwamba Rahel mwenyewe amekiri hajui mimba ni ya nani.

Ndugu msomaji, umeona nilichofanya? Rahel aliuliza imeingiaje. Mimi nikasema hajui ni ya nani. Nilibadilisha maneno machache tu... nikaua ndoa.

Tulitembea mpaka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Rahel alikuja mbio kumpokea mumewe, akasimama alipoona uso wake. Kaka hakuketi. Hakupaza sauti. Alimuuliza swali moja.

“Baada ya mimi kuondoka, ulipata siku zako au hukupata?”

Rahel alinitazama mimi, kisha akamtazama mumewe. Angeweza kusema hapana. Neno moja la uongo lingemwokoa, na mimi ningeonekana mchonganishi. Aliinamisha kichwa.

“Nilipata,” akasema. “Lakini Samweli, sijawahi kulala na mwanaume mwingine.”

Aliomba waende hospitali wakapime. Kaka akasema hospitali watapima tumbo, hawatapima jina la baba. Rahel akapiga magoti. Akaniita, wifi, sema unavyonijua, sema nani alishaingia humu ndani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitazama chini... sikusema kitu.

Asubuhi alipanda basi na begi moja, kwenda Singida, Manyoni, hadi kwao Kintinku. Kitenge kile alikiacha kitandani kimekunjwa. Cherehani ikabaki, na kaka akanipa mimi. Nilikuwa nimepata nilichotaka, lakini kila nilipokanyaga pedali niliona aibu, nikajisemea ni huruma tu, itapita.

Haikupita. Miezi ikaenda, ikaja barua. Kaka alikuwa safarini, nikaifungua mimi. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya daftari na baba yake Rahel. Mzee alisema binti yake amejifungua salama mtoto wa kike, mkubwa, aliyetimia, hata wauguzi wamesema si mtoto wa kabla ya siku. Akataja tarehe ya kuzaliwa. Akasema, “Mwanangu Samweli, hesabu mwenyewe, kisha uje umwone mtoto wako.”

Nikahesabu kwa vidole. Nikarudia. Ilikuwa miezi tisa tangu zile siku tatu alizokaa kaka... Kwa hesabu yangu ya kwanza, mtoto alipaswa kuzaliwa karibu mwezi mmoja mbele.

Unajua nilifanya nini? Nilijiambia mzee amedanganya tarehe. Kwa sababu kama barua ni ya kweli, basi mimi ni nani? Niliitia kwenye jiko la mkaa, nikasimama mpaka ikawa majivu. Kaka hakuiona. Wala haikuja nyingine.

Mwaka wa tatu tangu hapo niliolewa na mwalimu, tukaishi Kinyangiri. Mwaka mwingine ukakatika bila mtoto. Kisha mwezi mmoja nikaona damu, tena matone tu, siku mbili ikakata. Nikahuzunika, nikasema ndiyo siku zangu hizo, hakuna kitu. Wiki zikapita nikaanza kuchoka. Harufu ya kitunguu ikanishinda, mate yakanijaa. Nikaenda zahanati kutafuta dawa ya malaria.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima. Alinipima mkojo, akarudi anatabasamu, akaniambia nina mimba. Nikamwambia haiwezekani, siku zangu nilizipata. Akaniuliza zilikuwa nyingi kama kawaida? Siku ngapi? Nikamjibu.

“Ile haikuwa hedhi, mama,” akasema. “Mimba changa inapojishika kwenye mji wa mimba, wapo wanaotoka damu kidogo. Wengi hudanganyika hapo.”

Akaendelea kunieleza taratibu. Kwamba yai la mwanamke hutoka karibu wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, na linaishi kama siku moja tu, lakini mbegu za mwanaume zinaweza kukaa ndani siku kadhaa zikilisubiri. Kwamba siku za kushika mimba ni zile chache kabla yai halijatoka na siku yenyewe linapotoka, na si wanawake wote wana mzunguko mmoja, hivyo hesabu ya kubahatisha haifai. Akaniambia damu yoyote ukiwa mjamzito si ya kudharau, na ikija nyingi au na maumivu nikimbie hospitali.

Mimi nilikuwa sisikii tena. Nilikuwa namwona wifi yangu na vitambaa vyake. Nililia mpaka muuguzi akadhani siitaki mimba.

Nilikwenda Shelui nikamweleza kaka kila kitu, neno nililobadilisha, na barua niliyochoma. Alikuwa ameishi na mwanamke mwingine wakaachana, yuko peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anipige. Akaniuliza, “Barua ilisema mtoto gani?”

“Wa kike.”

Akainuka akatoka nje. Hakurudi mpaka jua lilipozama.

Tulikwenda Kintinku pamoja, tukimalizia safari kwa treni. Tulimkuta mzee, baba yake Rahel, tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatoa viti, hakuuliza tumefuata nini. Rahel akatoka ndani. Alikuwa ameolewa na mkulima wa palepale, amebeba mtoto mchanga mgongoni. Nyuma yake akaja msichana wa miaka minne hivi. Paji la uso lilikuwa la kaka, masikio ya kaka, hata namna ya kusimama akiegemea mguu mmoja.

Mama yake akamwambia asalimie wageni. Akamshika Samweli mkono, akasema shikamoo. Kaka akaufunika mkono ule mdogo kwa mikono yake miwili.

Nilipiga magoti mbele ya Rahel, nikaeleza yote, nikalia. Alinisikiliza huku akimbembeleza mtoto mgongoni.

“Hesabu hata mimi sikuijua,” akasema. “Kwa hiyo sikulaumu. Lakini tulilala nyumba moja miaka minne, wifi. Ulinijua mimi.”

Akaingia jikoni, akatupikia ugali na mlenda, akatunawisha mikono. Afadhali angenitukana! Tukiwa tunakula mumewe akarudi kutoka shamba, na yule msichana akamkimbilia akimwita baba. Kaka akaweka tonge chini.

Wazee walikaa baadaye, kaka akaruhusiwa kumwona mwanawe na kumsomesha. Lakini mtoto alikulia kwa baba mwingine, na Rahel hakurudi. Mimi na kaka? Tulipomzika mama, alisimama upande mwingine wa kaburi. Salamu ananipa kwa sababu ya watu. Nyumbani kwangu hajawahi kukanyaga mpaka leo.

Dada zangu, na ninyi kaka zangu, msipite njia niliyopita. Kuona damu si hakika kwamba huna mimba. Kichefuchefu, uchovu, matiti kuuma, kukojoa kila mara, msizipachike jina la malaria mkaanza kumeza dawa. Nendeni mkapimwe. Na ninyi mnaoishi na wifi zenu, msiwe mahakimu wa tumbo la mtu.

Zahanati ya Shelui ilikuwa karibu kuliko kule kwenye malori nilikokimbilia kumpokea kaka. Rahel aliniomba twende wote. Kama wewe leo kuna mwanamke ndani ya nyumba anakuomba hivyo, tafadhali, vaa viatu... nenda naye.