Kaburi la Vibia Asiyezaliwa

Jua lilikuwa linazama Huadu, kule China, Herieth alipofika karakana ya mawe, tumbo la mimba likimtangulia. Mteja wake wa Moshi alikuwa anajenga hoteli, akataka mawe ya mapambo yafanane na ya Warumi wa kale. Herieth alikuja na Abeli, Mtanzania mwenzake, mwanafunzi wa ufadhili aliyewahi kusoma Kilatini seminari.

Jiwe moja dogo lilisimama pembeni, peke yake.

"Kaburi la mtoto," Abeli alisema. "Vibia. Mama yake anamlilia. Ila ni uongo, dada. Wasomi wa Italia walilitunga karne tano nyuma, wapate kujidai mji wao ni wa kale. Huyu mtoto hakuwahi kuzaliwa. Hawa wa hapa wamenakili tu ule uongo."

"Kumbe hata feki ina feki yake!" Herieth akacheka.

Lakini kwao hupiti kaburi la mtoto kimya. Mkono ukaenda wenyewe juu ya jiwe. Mdomo nao.

"Pole, mwanangu."

Mashine za kukatia mawe zikazimika. Zote...

Harufu ya maziwa ya mama ikapanda kutoka kwenye vumbi.

"Abee, mama."

Sauti nyembamba, chini ya kiganja chake. Abeli akarudi kinyumenyume hadi ukutani.

Na tumboni, mtoto aliyecheza tangu asubuhi... akatulia.

Tuli.

"Sijakuita," Herieth alinong'ona.

"Umeniita mwanao. Hakuna mwingine aliyewahi. Nipe nafasi."

"Nafasi ina mwenyewe!"

Kiganja kiliganda juu ya jiwe. Baridi ikapanda mkononi, ikashuka tumboni.

"Dada, tuombe," Abeli alilia.

"Omba wewe. Mimi nina kazi."

Akanyakua nyundo kwa mkono wa kushoto, akalipiga lile jina. Tena. Tena! Mwenye karakana akatoka mbio akifoka. Herieth hakumtazama. Alipiga hadi Vibia akawa changarawe.

Kiganja kikabanduka.

Halafu... teke! Upande wa kulia. Mwanawe. Akashusha pumzi.

Teke jingine likaja papo hapo. Upande wa kushoto.

Daktari alikuwa ameona mtoto mmoja tu.

Abeli alifumba macho. Herieth akakaza khanga kiunoni.

"Umepenya, siyo?" aliliambia tumbo. "Haya. Lakini sikia, binti. Ukimgusa mwenzio, utanijua. Na humu ndani, jina natoa mimi."