Miche Iliyochanganyika

Kila asubuhi kabla ya kengele, Brenda na Luqman, wanafunzi wa darasa la sita huko Tengeru, walimwagilia miche themanini ya mti wa mringaringa kwenye kitalu cha shule. Arobaini yenye vibao vyekundu ilitokana na mbegu za mti mama wa upande mkavu wa Kisongo. Yenye vibao vya bluu ilitoka kwenye msitu wa Mlima Meru, kwenye mvua nyingi. Daktari Zamda, mtafiti wa miti, alikuwa amechunguza vinasaba vya miti hiyo, yaani maelekezo ambayo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake. Aligundua kuwa watoto wa mti wa Kisongo huvumilia ukame. Hao ndio waliotakiwa kupandwa na wakulima kwenye mteremko mmoja ambao mvua zake zilikuwa zikipungua mwaka hadi mwaka.

Jumatano moja Brenda aliuvuta mpira wa maji kwa haraka. Ukanasa kwenye mguu wa meza, meza ikapinduka. Viriba, yaani mifuko ya udongo yenye miche, vikatawanyika, vibao vikachomoka.

"Ya Kisongo ni ipi?" Brenda aliuliza.

Luqman aliinama kuangalia. Majani yalifanana kabisa. "Chomeka tu," alinong'ona. "Yote ni miringaringa. Nani atajua?"

Kengele ikalia. Brenda akachomeka vibao kwa kubahatisha.

Ijumaa Daktari Zamda alifika na gari. "Mvua za masika zinaisha," alimwambia Mwalimu Elinaza, msimamizi wa kitalu. "Tupakie yenye vibao vyekundu. Wakulima wameshachimba mashimo."

Bibi yake Brenda alikuwa mmoja wa wakulima hao. Brenda alimtazama Luqman, naye akatikisa kichwa taratibu. Kiriba cha kwanza kikapakiwa.

"Shikamoo, Daktari," Brenda alisema. "Naomba msipakie. Niliangusha meza. Vibao nilichomeka kwa kubahatisha."

Uso wa Mwalimu Elinaza ulibadilika. "Siku mbili umenyamaza?"

"Niliogopa, Mwalimu."

Luqman akasogea mbele. "Mimi ndiye niliyemwambia achomeke."

Daktari Zamda alikishusha kiriba kutoka kwenye gari. "Tutachuma jani moja kwa kila mche," alisema. "Vinasaba vitatuonyesha mama yake. Majibu huchukua siku kumi. Mvua zikikatika kabla ya hapo, tumepoteza mwaka."

Siku ya sita na ya saba jua liliwaka. Brenda hakuweza hata kumaliza chakula. Siku ya kumi majibu yalifika: kati ya miche arobaini yenye vibao vyekundu, kumi na tisa haikuwa ya Kisongo. Vibao vilirekebishwa, na kesho yake wanafunzi na wakulima wakapanda miche huku manyunyu yakiwalowesha.

Daktari Zamda alichuchumaa kando ya Brenda. "Kama ungenyamaza, miche kumi na tisa ingekauka, nasi tungesema mbegu za Kisongo hazifai. Tungewaambia wakulima uongo bila kujua. Kukosea kunampata kila mtu, Brenda. Lakini ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha."

"Ndiyo, Daktari," alijibu Brenda, akaushindilia udongo kuzunguka mche.