Mzee Anafukiwa Ijumaa

Buti za mpira zilibaki pea moja, namba tisa, na mikono miwili ilizishika kwa pamoja. Duka la vifaa lilikuwa limejaa hadi mlangoni.

"Kaka, achia," alisema dada mwenye gauni la njano, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. "Ni za baba yangu."

"Na zangu zinavuja, dada. Nashinda kwenye tope kule bustani ya umma. Naendesha kijiko."

"Cha chai?"

Foleni nzima ilicheka. Kijana akaachia. Mashine ya kuchimbia ndiyo iliyompa jina la Kijiko, naye siku hiyo akampa fundi cherehani jina lake: Sindano. Miezi mitatu simu zao hazikupoa. "Sindano, umekula?" "Nimekula. Na wewe, umeshakula tope?" Hatimaye wakapanga siku: Jumamosi, Kijiko aende kujitambulisha kwa baba.

Alhamisi mchana Sindano alimpelekea chakula kazini. Bustani ile zamani ilikuwa shamba. Sasa walikuwa wakirudisha kinamasi kilichokaushwa, ili mafunjo na ndege warudi. Alimkuta ameegemea mashine, mgongo kwake, simu sikioni.

"Mzee namfukia kesho asubuhi, bosi. Ametunyonya vya kutosha. Mchumba wangu? Hajui. Nitamwambia akishafukiwa."

Bakuli lilidondoka. Kijiko akageuka.

"Baba yangu amekukosea nini?"

"Si baba, mpenzi. Mzee ni mtaro, ndivyo tunavyouita hapa kazini. Unavuta maji yote ya kinamasi. Mvua zikiukuta wazi, kazi ya mwaka mzima itaishia mtoni."

"Mtaro upi?"

Kijiko alitia simu mfukoni. "Ule mkubwa. Ulionyooka kama rula."

"Ule aliuchimba baba kwa jembe, mwaka niliozaliwa. Shamba alipoliuza hakulia. Lakini kila asubuhi anakuja kuutazama mtaro." Sauti yake ilishuka. "Na wewe ulijua."

"Nimejua wiki iliyopita. Niliogopa kukupoteza."

"Basi ulikuwa unamfukia baba kweli."

Akaondoka. Kijiko alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Ukiugusa, Jumamosi usije," alisema Sindano, akakata.

Ijumaa saa mbili, Kijiko aliwasha mashine, kisha akaona. Ndani ya mtaro alisimama baba yake Sindano, jembe begani, buti namba tisa zimezama nusu. Ukingoni alisimama Sindano mwenyewe, gauni la njano limelowa umande.

"Mwondoe," msimamizi alifoka, "au nampa mwingine funguo."

Kijiko alizima injini akateremka mtaroni. Maji yakaingia kwenye buti zake zilizotoboka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe unayetaka kunifukia?"

"Ni mimi. Na ni mimi ninayetaka kumwoa binti yako. Nimekuja kuomba yote mawili, maana nikiomba moja na kuficha jingine nitakuwa tapeli. Lakini sikudanganyi: hata ukininyima binti, mtaro lazima ufukiwe."

Sindano alipeleka mkono shingoni kuvuta futi yake, kama alivyozoea, lakini leo hakuivaa. Baba alishusha jembe begani.

"Mnafukia wapi?"

"Hapo penye bendera nyekundu."

Mzee alisonya. "Mtafanya kazi ya bure. Hapo chini kuna mabomba ya udongo, niliyalaza mwenyewe. Mkifukia juu, maji yatapita chini yakiwacheka." Akahesabu hatua kumi na mbili, akachoma jembe ardhini. "Anzia hapa. Taratibu. Yalinitoa jasho."

Adhuhuri mabomba yalikuwa yametoka na udongo umerudi mahali pake. Maji yaliyozoea kukimbia yakasimama, yakasitasita, kisha yakaanza kutambaa kwenye nyasi. Mzee aliyatazama bila kupepesa. Halafu akaketi, akavua buti, akamtupia Kijiko.

"Mtaro sina tena. Chukua."

"Na lile la pili, mzee?"

"Ana mdomo wake. Muulize."

Kijiko alipanda ukingoni, tope hadi kifuani. Sindano hakusogea.

"Utanificha tena?"

"Sitakuficha."

"Hata ukiogopa?"

"Nikiogopa nitakwambia naogopa. Sasa hivi naogopa."

Sindano alitazama chini, kwenye miguu ya Kijiko iliyokuwa ikichuruzika maji.

"Njoo kesho," alisema. "Ila vaa hizo buti kwanza. Unavuja."