Maji Baridi ya Shada

Chiku alikaa Morogoro, mbali na bahari. Lakini sebuleni kwao kulikuwa na bahari ndogo, ndani ya tangi la kioo.

Bahari hiyo ilikuwa ya Mjomba Makame, kaka yake Mama. Alitoka Pemba kuja kukaa nao, akaja na tangi lake.

Blupu, blupu, ilisema pampu.

Ndani ya tangi, juu ya jiwe, alikaa Shada. Shada alikuwa ua la bahari. Mikono yake ilikuwa mingi na laini, ikicheza majini.

"Ni ua kweli, Mjomba?"

"Si ua, mwanangu. Ni mnyama. Ana mdomo, na anakula."

Alikula kamba. Si kamba ya kufungia mbuzi! Kamba wa baharini, yule mwenye ndevu ndefu. Mjomba alishika kipande kidogo kwa koleo refu, na Shada alikivuta taratibu hadi mdomoni.

Katikati ya mikono ya Shada aliishi Bitozi. Bitozi alikuwa samaki mdogo mwenye mistari, na aliringa kweli. Mikono ya Shada iliwachoma samaki wengine. Bitozi haikumchoma. Hapo ndipo kwake.

Asubuhi moja Mjomba alikuwa anakwenda kazini.

"Chiku! Maji yakishuka chini ya mstari huu, mwambie Mama aongeze maji baridi. Kikombe kimoja tu."

"Sawa, Mjomba."

Mchana maji yalishuka. Mama alikuwa uani, anafua. "Naweza mwenyewe," alisema Chiku.

Alifungua friji. Akatoa jagi la maji. Lilikuwa baridi hadi vidole vikauma.

"Maji baridi haya hapa!"

Akapanda juu ya kiti. Akamimina. Kikombe kimoja? Wapi! Alimimina jagi zima, na barafu juu yake. Chubwi! Chubwi!

Shada akakunja mikono. Yote. Akanywea, akanywea, akabaki donge dogo la kijivu.

Bitozi alizunguka huku na huku. Hakuwa na pa kuingia.

"Shada? Shada?"

Donge lilibaki donge.

Chiku akalia kwa sauti. Mama alikuja mbio, mikono ina povu. Aliona jagi. Aliona tangi. Akampigia Mjomba simu.

Mjomba alirudi. Akatia kidole majini. Akafumba macho.

"Chiku, maji haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye friji. Ulisema maji baridi!"

Mjomba akakaa sakafuni, pu!

"Loo! Kwetu Pemba, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Hata yakiwa ya moto, sisi tunayaita maji baridi. Maji ya tangi hukauka, chumvi hubaki, ndiyo maana tunaongeza hayo."

"Kwetu ni maji ya friji," alisema Chiku.

"Ni kweli. Nilitakiwa nikuoneshe. Lakini na wewe, nilikwambia umwambie nani?"

"Mama," Chiku alijibu kwa sauti ndogo. Kisha akauliza, "Shada atakufa?"

Mjomba hakumdanganya.

"Anaweza kufa. Akifa, ataoza, na maji yote yataharibika. Bitozi naye atakufa. Basi kila asubuhi tutanusa maji. Yakinuka, tutamtoa Shada."

Mjomba alichanganya maji ya chumvi, yenye joto kidogo. Akayatia polepole. To, to, to. Shada hakusogea.

Asubuhi Chiku alipanda juu ya kiti.

Nusa, nusa. Yananuka?
Bado. Tungoje.

"Ana njaa, Mjomba. Tumpe kamba!"

"Aliyekunja mikono halishwi. Chakula kitaozea hapo hapo."

Asubuhi nyingine ikaja.

Nusa, nusa. Yananuka?
Bado. Tungoje.

"Mvumilivu hula mbivu," alisema Mama.

"Sitaki mbivu!" Chiku alifoka. "Namtaka Shada!"

Bitozi hakuringa tena. Alilala chini, pembeni, kwenye mchanga. Chakula kilipita mbele ya mdomo wake, na hakukigusa. Chiku naye aliacha uji wake ukapoa.

Asubuhi nyingine tena.

Nusa, nusa. Yananuka?

Yananuka!

Chiku alinusa tena. Harufu ilikuwa kali. Ilikuwa harufu ya samaki. Akashuka kitini mbio.

"Mjomba," alinong'ona. "Yananuka."

Mjomba alivaa glavu ndefu. Chiku alitaka kufunika macho, lakini hakufunika. Mkono wa Mjomba ukazama majini, ukamfikia Shada, ukamvuta.

Shada hakutoka.

Mjomba akamvuta tena, kidogo tu. Shada hakutoka!

"Amelishika jiwe," alisema Mjomba. "Amelishika kwa nguvu. Chiku, mfu hashiki kitu!"

"Mbona kunanuka?"

Mjomba alinusa maji. Akanusa hewa. Akageukia jikoni.

"Dada! Unapika nini?"

"Dagaa!" Mama aliitikia. Chwaaa, ilisema kikaango.

Mjomba alicheka hadi machozi yakamtoka. Chiku alicheka na kulia kwa pamoja.

Jioni hiyo mkono mmoja wa Shada ulichungulia. Kisha wa pili. Kisha mingine, myembamba, dhaifu, lakini ilicheza majini.

Mjomba alimpa Chiku koleo. "Mlishe wewe. Kipande kidogo."

Chiku alishusha kipande cha kamba. Polepole. Polepole. Mkono mmoja ukakigusa, ukakinasa, ukakivuta. Kikaingia mdomoni.

Bitozi alinyanyuka mchangani. Alikaribia. Akarudi nyuma. Akakaribia tena. Halafu, swii! Akaingia katikati ya mikono ya Shada, akatulia.

Chiku alilala pale pale mkekani, mbele ya tangi. Mama alimbeba hadi kitandani. Vidole vya Chiku vilinuka kamba, na hakuna aliyemwamsha akanawe.